Nyigu Wasio na Mwenyewe

Basi likishamaliza kona za mlima Kitonga likitokea Iringa, joto humlaki abiria kabla hajaona nyumba. Ruaha Mbuyuni, katika Wilaya ya Kilolo, iko huko chini bondeni, kando ya barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Zambia. Ni mahali pa mibuyu, maji ya mto na mashamba ya umwagiliaji ambayo vitunguu na nyanya zake zinajulikana mbali na Iringa. Mkulima wa huko ni mzoefu wa dawa. Anazijua kwa majina, kwa rangi za chupa na kwa bei za dukani, na tangu nondo wa nyanya aitwaye kantangaze aingie nchini mwaka 2014 na kuanza kutoboa nyanya, bomba la kupulizia halipati nafasi ya kukauka. Kwa mtu wa namna hiyo, hoja ya makala haya huenda ikasikika kama mzaha: kwamba kwa nzi wa matunda aliyetoka Asia, silaha yenye tumaini kubwa zaidi ni nyigu mdogo asiyeuzwa dukani, asiyemdunga mtu, na ambaye hakuna mkulima awezaye kusema ni wake. Kutokuwa na mwenyewe ndiko kunakompa nguvu nyigu huyo. Ni huko huko pia kunakofanya asiwe na wa kumleta.

Nzi anayezungumzwa si wa zamani kwetu. Mwaka 2003 watafiti walimnasa katika pwani ya Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwanzoni hakuna aliyemtambua. Mwaka 2005 wataalamu wa uainishaji wa wadudu walimwandikisha kama spishi mpya, Bactrocera invadens, na njia yake ikafuatiliwa hadi Sri Lanka. Miaka 10 baadaye, mwaka 2015, uchunguzi wa maumbile, vinasaba na kupandana ulihitimisha kwamba hakuwa mpya hata kidogo: ni Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda wa Asia ambaye Hawaii walikuwa wamepambana naye tangu miaka ya 1940. Msomaji anaweza kudhani huo ni ugomvi wa wasomi juu ya majina, lakini una uzito wake shambani. Kama nzi wa Ruaha ni yuleyule wa Hawaii, basi adui aliyemtuliza kule ana sababu nzuri ya kujaribiwa hapa. Wakati jina linasahihishwa, nzi alikuwa ameshaenea karibu Afrika yote iliyo kusini ya Sahara, na tafiti mbalimbali zilikuwa zikitaja hasara ya kati ya asilimia 40 na 80 kwenye maembe yasiyolindwa.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilikuwa miongoni mwa waliomfuata mapema. Maulid Mwatawala na wenzake, wakishirikiana na Marc De Meyer wa jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, walitega mitego na kukusanya matunda katika miinuko mbalimbali ya Morogoro. Walichokiona ni kwamba mgeni huyu anatawala maeneo ya chini yenye joto, na kadiri mtu anavyopanda milimani anapungua, akiwaachia nafasi nzi wengine wanaostahimili baridi, hasa wale wa kundi la Ceratitis rosa. Ukiiweka picha hiyo juu ya ramani ya Nyanda za Juu Kusini, Ruaha Mbuyuni inaangukia upande wa nzi, na Kitonga ni ngazi. Juu yake ziko Ilula, Iringa mjini, na mbele zaidi Njombe na Rungwe na parachichi zao. Baridi ya juu inasaidia kumzuia, ila matenga ya matunda hupanda kila siku kwa lori na basi, na funza aliye ndani ya embe halipi nauli.

Kwa nini basi asipigwe dawa kama wengine? Jibu limo katika maisha yake. Jike hutoboa ganda la embe au pera linalokaribia kuiva na kutaga mayai chini yake. Siku chache baadaye mayai huanguliwa, funza wanakula nyama ya tunda kutokea ndani, tunda linaoza na kuanguka, funza wanatoka na kujichimbia sentimita chache ardhini, wanajifunga katika ganda gumu la kahawia, na baada ya wiki moja au mbili nzi wazima wanachomoza. Yai limefunikwa na ganda, funza kafunikwa na nyama, bundo lake liko chini ya udongo. Katika hatua nne za uhai wake, dawa ya bomba inamkuta katika moja tu, akiwa nzi anayeruka, na huyo leo yuko kwako na kesho yuko kwa jirani ambaye hakupiga. Jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai 1,000. Isitoshe, wakati anaoshambulia ndio wakati tunda liko karibu kuliwa, kwa hiyo anayepulizia wiki hiyo anampulizia mlaji. Mitego ya methili eujenoli inafaa, wala sina ugomvi nayo, lakini huvuta madume peke yake, na madume wachache wanaosalia wanatosha kurutubisha majike wengi. Chambo cha protini, kinachoweza kutengenezwa kwa chachu inayobaki viwandani mwa bia, huvuta majike pia na kinatumia sumu kidogo sana. Hata hicho kinamtaka mkulima akirudie tena na tena msimu mzima.

Mtu anaweza kuuliza kama Afrika haina nyigu wake wa kazi hii. Inao, tena wengi. Bara letu ndilo nyumbani kwa nzi kadhaa wa matunda, na kila mmoja ana maadui waliomzoea kwa maelfu ya miaka. Kwa hakika Afrika iliwahi kuwauza nje, au tuseme iliwatoa bure. Nzi mmoja wa Kiafrika, Ceratitis capitata, alipofika Hawaii mwaka 1910, serikali ya kule ilimtuma Mwitaliano Filippo Silvestri aende Afrika Magharibi mwaka 1912 kutafuta nyigu wa kumpunguza, na alirudi nao. Tatizo ni kwamba nyigu wetu hawamwezi huyu mgeni. Katika majaribio ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, baadhi ya nyigu wa kienyeji walikubali kutaga ndani ya funza wa nzi wa Asia, lakini seli za kinga za funza zililizunguka yai na kulisonga hadi likafa. Nyigu alidhani ameweka mtoto mahali salama kumbe amemtia kaburini. Kwa hiyo nzi aliingia Afrika akiwa ameacha maadui zake Asia, na hawa wa hapa wakawa wanatumia mayai yao bure.

Hapo ndipo anapoingia Fopius arisanus. Ni nyigu mwembamba wa milimita chache, asili yake Asia ya Kusini-Mashariki, na mbinu yake ni ya kutisha kidogo. Jike hutembea juu ya tunda akinusa mahali nzi alipotoboa, kisha hupitisha mrija wake wa kutagia hadi kwenye mayai ya nzi na kuweka lake ndani ya moja. Yai la nzi halifi papo hapo. Linaanguliwa, funza anakula, ananenepa, anashuka ardhini na kujifunga kama kawaida, huku ndani yake mtoto wa nyigu akisubiri. Akishajifunga, nyigu anammaliza, na katika ganda ambalo lingetoa nzi anatoka nyigu. Mwenzake, Diachasmimorpha longicaudata, anakuja baadaye: yeye hutafuta funza walio ndani ya matunda yaliyoiva au kuoza na kuwafikia kwa mrija mrefu kuliko mwili wake. Huyu wa pili ni rahisi zaidi kufugwa, ndiyo maana Mexico na Marekani humzalisha kwa mamilioni na kumwachia mashambani. Huyu wa kwanza ndiye mwenye sifa ya kukaa mwenyewe akishaachiwa, na hilo ndilo linalonifanya nimpe uzito zaidi.

Ushahidi wake mkubwa uko Pasifiki. Hawaii ilipovamiwa na Bactrocera dorsalis katikati ya miaka ya 1940, ilileta spishi nyingi za nyigu kutoka Asia. Katika miaka michache Fopius arisanus aliwapita wote, na katika mapera hesabu za nzi walioambukizwa, yaani waliotagiwa na nyigu, zilifika kati ya asilimia 65 na 70. Mtu mwenye shaka atasema huo ni ushahidi wa kisiwa kimoja na wa zamani. Basi Polinesia ya Kifaransa ilirudia jaribio hilo mbele ya macho ya watafiti wa sasa. Nzi aligunduliwa Tahiti mwaka 1996, nyigu wakaletwa kutoka Hawaii na kuachiwa kuanzia mwaka 2002, na katika miaka iliyofuata nzi waliotoka katika kila kilo ya mapera walipungua kwa zaidi ya robo tatu. Mwaka 2006 icipe ikawaleta nyigu hao Nairobi kutoka Hawaii, wakafugwa na kupimwa, na baadaye kuachiwa katika mashamba ya Kenya na ya nchi nyingine za Afrika, Benin na Senegal zikiwamo. Watafiti kama Sunday Ekesi na Samira Mohamed walitumia miaka mingi katika kazi hiyo, na matokeo ni kwamba nyigu wameonekana kukaa na kuzaliana katika baadhi ya maeneo waliyoachiwa. Kwa hiyo vile visiwa vilivyopokea nyigu wa Silvestri vimelirudishia bara hili wa aina nyingine, ingawa imechukua karibu karne nzima.

Tanzania yenyewe imeshakula matunda ya njia hii bila wengi kujua. Katika miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo alitoka Amerika ya Kusini akaingia Kongo, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa akinyausha mihogo katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo. Kundi la Hans Herren katika taasisi ya IITA liliwafuata maadui zake hadi Paraguay, likapata nyigu aitwaye Anagyrus lopezi, na kumwachia kwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1981. Alisambazwa nchi kwa nchi, nyingine alizifikia mwenyewe, na muhogo ukapona. Uchambuzi wa kiuchumi uliochapishwa mwaka 1988 ulikadiria faida ya dola 149 kwa kila dola 1 iliyotumika, na Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kwetu kazi hiyo na nyingine za aina yake zilishikwa na mpango wa taifa wa udhibiti wa visumbufu kwa njia ya viumbe hai uliokuwa na makao yake Kibaha. Hakuna mkulima wa muhogo aliyenunua nyigu hata mmoja. Wala hakuna aliyewashukuru, kwa sababu janga lililozuiwa halionekani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja hii halitoki kwa wauza dawa. Linatoka katika kumbukumbu yetu wenyewe ya viumbe walioletwa kwa nia njema. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 ili kuongeza samaki wa kuvua, na mamia ya aina za furu zikatoweka au kukaribia kutoweka. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asafishe mji, na leo anaiba vifaranga pwani nzima. Anayekumbuka hayo akiambiwa wadudu wa Asia wataachiwa bondeni ana haki ya kushika kichwa. Lakini tazama wanachokula. Sangara hula karibu kila samaki anayemmudu, kunguru hula kila kitu. Mtoto wa Fopius arisanus hawezi kukua popote isipokuwa ndani ya nzi wa jamii ya nzi wa matunda, na mama yake hunywa maji matamu ya maua na utomvu. Nzi wakipungua, naye anapungua. Sangara na kunguru, zaidi ya hayo, waliletwa bila kupimwa, ilhali kuingiza kiumbe wa aina hii leo kunahitaji karantini, majaribio na kibali, na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeiweka dhamana hiyo mikononi mwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao Arusha. Hatari haiwi sifuri. Nyigu huyu anaweza kutaga pia katika mayai ya nzi wa kienyeji, na wako nzi wa kienyeji wanaoishi katika matunda ya porini bila kumdhuru mtu. Udzungwa haiko mbali na Ruaha Mbuyuni, na ningependa misitu yake ichunguzwe kabla na baada. Hata hivyo hatari hiyo ilinganishwe na ile tuliyoizoea hadi hatuioni tena, yaani chupa za sumu zinazooshewa mferejini.

Pingamizi la pili ni la mfanyabiashara, na hapa inabidi kukiri ukweli mchungu. Nyigu haokoi tunda lililokwisha kutobolewa. Funza aliyeambukizwa anakula embe vilevile, na embe linaoza vilevile. Kinachokufa ni kizazi kinachofuata. Soko la Ulaya nalo halipimi kwa wastani, kwani funza mmoja katika boksi anatosha kurudisha mzigo. Kenya ilijisimamishia yenyewe uuzaji wa maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi hawa, na iliporudi mwaka 2021 ilirudi kwa maeneo yaliyosafishwa na kukaguliwa, pamoja na matibabu ya maji moto. Nyigu peke yake asingeitosha. Lakini pingamizi hili linadhani kila kitu ni cha kuuza nje, wakati sehemu kubwa ya embe na pera la bondeni huliwa hapahapa, na hasara ya mwenye miti mitano nyuma ya nyumba haiingii katika takwimu za usafirishaji. Hata kwa msafirishaji, kusafisha shamba lililozungukwa na nzi wachache ni kazi tofauti kabisa na kulisafisha likiwa katikati ya bahari ya nzi.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko Ruaha Mbuyuni kwenyewe. Kwanza ni ukame. Nyigu huyu ametoka katika nchi zenye unyevu, na bonde la mibuyu halina unyevu mwingi nje ya kingo za mito Lukosi na Ruaha Mkuu. Pengine atakaa kandokando ya maji, kwenye miembe na mipera yenye kivuli, na kushindwa vilimani. Katika historia ya dunia ni takriban theluthi moja tu ya maadui walioachiwa waliofanikiwa kukaa, kwa hiyo anayeahidi ushindi wa hakika anauza maneno. Pili ni dawa za nyanya. Sumu inayopulizwa kwa ajili ya kantangaze haichagui, na nyigu wa milimita chache hufa kabla ya nzi. Tatu ni matunda yaliyoanguka. Ushauri wa kawaida wa ugani ni kuyafukia au kuyachoma, na ni ushauri mzuri, ila ukiwa na nyigu unawachoma nao. icipe ilichukua kutoka Hawaii suluhisho la kupendeza kwa urahisi wake: hema dogo la neti ambamo matunda mabovu hutupwa. Matundu ya neti yamepimwa ili nyigu apite na nzi asipite. Nzi wanafia ndani, nyigu wanarudi shambani.

Yote hayo hayana maana kwa mtu mmoja mmoja. Nyigu hufanya kazi kama josho la kijiji: anayeogesha ng'ombe wake peke yake huku wa majirani wakibaki na kupe amejisumbua bure. Mkulima akinunua nyigu 1,000 leo, kesho wako kwa jirani, na akiwa na akili timamu hatawanunua tena. Kampuni inalijua hilo, ndiyo maana duka la pembejeo limejaa vitu vinavyoisha na kurudiwa, na halitakaa liweke kitu ambacho kikifanya kazi vizuri hakihitajiki tena. Wako wanaosema wakulima waelimishwe na soko litafuata. Hawa hawajajibu swali la nani atamuuzia nani. Kitu cha namna hii hugharimiwa na fedha ya wote, na Halmashauri ya Kilolo, kama halmashauri nyingine, hukusanya ushuru wa mazao yanayopita barabarani. Kurudisha sehemu ndogo ya ushuru huo katika mahema ya neti, katika kukubaliana juu ya dawa zipi zisipigwe karibu na miti ya matunda msimu wa embe, na katika kuwaomba SUA na TPHPA walete nyigu waliopimwa, kungekuwa matumizi yanayoeleweka kuliko mengi yanayofanywa kwa jina la mkulima.

Kabla ya kuachia nyigu hata mmoja, kuna jambo la kujua, nalo ni rahisi. Nyigu waliokwisha kuachiwa Afrika hutembea, na mizigo ya matunda huwatembeza zaidi. Yaokotwe maembe na mapera yaliyoanguka Ruaha Mbuyuni na kwa jirani zake, Mtandika na Msosa, yawekwe katika ndoo zenye mchanga na kufunikwa kwa neti, na kila ndoo iandikwe mahali na tarehe. Baada ya wiki nne hivi itajulikana kama kinachotoka ni nzi watupu au kuna nyigu tayari, na kama wapo ni wa aina gani. Shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja wa baiolojia inaweza kuifanya, na vielelezo vikapelekwa SUA, Morogoro, kutambuliwa. Maembe huanza kuanguka mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo ndoo ziwe tayari kufikia Novemba.